UZI: Tajiri na maskini ni maneno ya Babeli, na jiwe la Hammurabi silo mnalolidhania

Kibao cha Udongo (mleta uzi):

Habari za jioni wanajamvi.

Juzi kwenye uzi wa katiba kuna mdau kaandika kwamba Hammurabi, yule mfalme wa kale wa Babeli (Iraki ya leo), ndiye binadamu wa kwanza kutunga sheria, jicho kwa jicho, hakuna longolongo, na nchi ikanyooka. Nilitaka kumjibu palepale nikaona nitawaharibia watu uzi wao. Nimelileta huku. Ni refu, mwenye chai aisogeze.

Naanza na lugha kwanza, maana hapo ndipo mimi mwenyewe niliponaswa.

Mfanyabiashara wa Babeli aliitwa tamkarum. Waaramu wakalichukua neno hilo, likapita kwa Waarabu likawa tajir, likavuka na majahazi mpaka pwani yetu, leo tunasema tajiri. Kulikuwa na tabaka lingine la watu likiitwa mushkenum, kutoka kitenzi chenye maana ya kuinama kifudifudi mbele ya mkubwa. Nalo likapita njia ileile, Kiaramu, Kiarabu miskin, kwetu maskini. Hekalu nalo ni msafiri: Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki, walisema e-gal, "nyumba kubwa", yaani jumba la mfalme, Waakadi, ambao lugha yao ndiyo ya Babeli, wakasema ekallum, Waebrania na Waarabu wakaligeuza, sisi tukalipokea likiwa la ibada. (Ikulu nayo ina "kubwa" ndani yake, ila hiyo ni Bantu yetu wenyewe. Msije mkaniunganishia.)

Hilo neno mushkenum limechongwa kwenye jiwe la Hammurabi mara nyingi tu. Maskini wa kwetu yumo mle, na ana bei.

Jiwe lenyewe: ni nguzo nyeusi ya kama mita 2.25. Wafaransa waliokuwa wakichimba Susa, Irani, waliikuta majira ya baridi ya 1901 kuingia 1902, imevunjika vipande vitatu. Mbona Irani na mfalme alikuwa wa Babeli? Kwa sababu iliibiwa. Mfalme wa Elamu (dola ya kale ya hukohuko Irani), Shutruk-Nahhunte, alivamia Babeli karne ya 12 KK akaondoka nayo kama nyara, miaka zaidi ya 500 baada ya Hammurabi kufa. Safu kadhaa za chini zikafutwa, pengine ili achonge jina lake, na hakuchonga kitu. Kwa hiyo hesabu ya vifungu 282 mnayoiona kila mahali ni ya mtafsiri wa 1902, aliyekadiria vilivyofutwa. Mwenye jiwe hakuwahi kuvipa namba. Leo liko Louvre, Paris, yaani limehamishwa mara mbili na wenye nguvu.

Juu kabisa pamechongwa mfalme amesimama, mkono mdomoni kwa heshima, mbele ya Shamash, mungu wa jua, aliyekaa kitini. Shamash ndiye aliyekuwa mungu wa haki, kwa hoja rahisi kwamba jua linaona kila kitu.

Sasa bei. Jamii ilikuwa na watu wa aina tatu: awilum (nitamwita muungwana, neno letu la pwani linamkaa sawasawa), mushkenum, na mtumwa. Muungwana akimtoboa jicho muungwana mwenzake, naye anatobolewa. Akilitoboa la maskini, analipa mina moja ya fedha, yaani shekeli 60 (ni vipimo vya uzito). Akilitoboa la mtumwa wa muungwana, analipa nusu ya bei ya mtumwa, na fedha hiyo anapokea bwana wake. Kwa hiyo "jicho kwa jicho" ilikuwa ya waungwana kwa waungwana. Hao wengine jicho lao lilikuwa na risiti.

Na wala hakuwa wa kwanza. Karne tatu hivi kabla yake, mji wa Ur kulikuwa na sheria za mfalme Ur-Nammu, kama 2100 KK, kwa Kisumeri. Mji wa Isin kulikuwa na za mfalme Lipit-Ishtar. Mji wa Eshnunna nao walikuwa na zao. Na hizo za Ur, ambazo ni za kale kuliko zote tulizonazo, hazitoboi jicho la mtu. Ukimuumiza mwenzako unalipa fedha. Ukali wa mwili kwa mwili umekuja baadaye. Wale wanaodhani binadamu alianza na unyama halafu akastaarabika kidogokidogo, hapo wana kazi ya kufanya.

Naenda kula, narudi na lile la mahakimu.

---

Fundi Kokoto:

Mkuu nimeweka kambi. Hapohapo, kuna kile kifungu cha mjenzi, nyumba ikianguka ikaua mwenye nyumba, fundi anauawa. Ni kweli au ni stori za mtandaoni? Maana mimi ni fundi, na nimewahi kumwambia bosi mmoja nondo hizi ni nyembamba akaniambia we jenga.

---

Kibao cha Udongo:

Ni kweli fundi. Kifungu cha 229. Na kinachofuata ndicho kinachotisha: nyumba ikiua mtoto wa mwenye nyumba, anauawa mtoto wa fundi. Mtoto ambaye hakushika hata mwiko. Ikiua mtumwa, fundi analeta mtumwa mwingine. Ikiharibu mali tu, analipa mali na kuijenga upya kwa gharama yake.

Lakini ona, kile kifungu hakimjui bosi wako. Kimemwona fundi na mwenye nyumba peke yao.

Daktari naye alikuwa na yake. Akimpasua muungwana kwa kisu cha shaba nyeusi akapona, anapata shekeli 10. Akimponya maskini, 5. Mtumwa, 2, analipa bwana wake. Muungwana akimfia, mkono wa daktari unakatwa. Mtumwa akimfia, analipa mtumwa. Sasa fikiria wewe ndiye daktari, na mlangoni pako wamekuja muungwana mahututi na mtumwa mahututi. Kisu utakipeleka kwa nani kwanza?

---

Mwana wa Makadara:

Assalamu alaykum jamani. Mimi niko Mombasa, nasoma tu kimya lakini hapa nimeshindwa. Kuhusu maneno, kuna jingine umeliacha ndugu yangu. Hukumu kwa hao Waakadi ni dinum. Na sisi tunasoma kila siku Maliki yaumi-d-din, Mwenye siku ya malipo. Din ya hapo ni hiyo ya hukumu na malipo. Ni mzizi mmoja.

---

Kibao cha Udongo:

Wa alaykumu salaam. Ahsante sana, hilo nilikuwa nalo likanidondoka. Na linaingia moja kwa moja kwenye nililotaka kuja nalo, kwa sababu Hammurabi mwenyewe hakuviita vile vifungu "sheria". Aliviita dinat misharim, hukumu za haki.

Ndiyo hilo la mahakimu. Babeli ya zama zake imetuachia maelfu ya vibao vya udongo vyenye mwandiko wa kabari: kesi, mikataba, mauziano ya mashamba, posa, mikopo. Ungetegemea kila hukumu iseme "kwa mujibu wa kifungu fulani cha jiwe la mfalme". Hazisemi. Mahakimu wanasikiliza mashahidi, wanaangalia hati na mihuri, wakikwama wanampeleka mtu kuapa mbele ya alama ya mungu, kisha wanahukumu. Jiwe karibu halitajwi kabisa, na mara nyingine hukumu au mishahara iliyolipwa haifanani na iliyochongwa.

Kwa hiyo wataalamu wamegombana zaidi ya nusu karne: lile jiwe lilikuwa nini? Wapo wanaosema ni mkusanyo wa hukumu za mfano, kama daftari la msomi. Wapo wanaosema ni tangazo la mfalme kwa miungu na kwa vizazi: tazameni nilivyokuwa mwenye haki. Mimi niko na hawa wa pili, kwa sababu ya mwanzo na mwisho wake, ambao watu hawausomi wakikimbilia macho na meno. Mwanzoni anasema miungu ilimteua ili mwenye nguvu asimwonee mnyonge. Mwishoni anasema aliyedhulumiwa aje mbele ya sanamu yake, asomewe jiwe, aione hukumu yake na moyo wake upoe. Kisha inafuata laana ndefu kwa mfalme yeyote ajaye atakayefuta maneno yale. (Shutruk-Nahhunte hakujali.)

Asomewe, nimesema. Kusoma kabari ilikuwa kazi ya waandishi waliokaa shuleni miaka. Mjane wa kijijini angesimama mbele ya lile jiwe na kuona picha tu: mfalme na mungu wanazungumza. Na pengine hiyo ndiyo habari aliyokusudiwa aipate.

---

Kabwela Msomi:

Bandiko zuri lakini unazunguka mbuyu. Sema wazi: Musa alikopi kwa Hammurabi. Jicho kwa jicho ipo, ng'ombe mwenye kupiga kwa pembe yupo.

---

Kibao cha Udongo:

Nilijua utakuja kaka. Nitajibu kwa ng'ombe huyohuyo.

Kitabu cha Kutoka, 21:35: ng'ombe wako akimuua ng'ombe wa mwenzako, mnamuuza aliye hai mnagawana fedha, na mzoga mnagawana. Hiyo imo karibu neno kwa neno kwenye sheria za Eshnunna, vibao vilivyopatikana Tell Harmal, pembeni ya Baghdad, miaka ya 1940. Kwa Hammurabi haimo. Kwa hiyo kama ni kukopi, basi umemshika mtu siye. Inaelekea zaidi hii ilikuwa mifano ya kisheria iliyozunguka eneo lote, waandishi wanafundishana, kama sisi sote tulivyosoma hadithi ya sungura na fisi bila kujua nani kaanza.

Halafu tazama tofauti. Ng'ombe anayejulikana kwa ukali, mwenyewe ameonywa na baraza la mtaa hakumfunga, akaua mtu. Kwa Hammurabi mwenyewe analipa nusu mina ya fedha basi. Katika Kutoka ng'ombe anapigwa mawe, nyama yake hailiwi, na mwenyewe anastahili kufa isipokuwa akitozwa fidia. Huko damu imekuwa dhambi. Babeli ilibaki hasara.

---

Dada wa Hesabu:

Mimi naomba upande wa wanawake, maana mmeshaanza kupigana na ng'ombe. Na mikopo. Kuna mtu kataja mikopo?

---

Kibao cha Udongo:

Dada, mikopo ndiyo roho ya uzi huu.

Riba ilikuwa asilimia 20 kwa fedha na theluthi moja kwa nafaka. Mkulima akikopa shayiri ya mbegu, mafuriko yakaja, kwisha habari yake. Jiwe linasema akishindwa kulipa na kumtoa mke au mtoto akatumike kwa mdai, kazi ni miaka mitatu, wa nne anaachiwa. Na kifungu cha 48 nakipenda: mungu wa mvua akilifurika shamba, au ukame ukaliua, mkulima mwaka huo halipi nafaka wala riba, na "anailowesha hati yake". Hati ni udongo. Ukiulowanisha unafutika, unaandika upya.

Ila dawa kubwa haikuwa jiwe. Ilikuwa amri iliyoitwa misharum. Mfalme akikalia kiti, na mara nyingine katikati ya utawala, anatangaza madeni ya watu wa kawaida yamefutwa, waliowekwa rehani warudi kwao. Mwaka wa pili wa Hammurabi umepewa jina kwa tendo hilo: mwaka alioweka haki nchini. Amri iliyotufikia karibu nzima ni ya kitukuu wa mwanawe, Ammi-saduqa, ya 1646 KK. Mikopo ya biashara, ile ya watu walioungana mtaji waende safari, haiguswi. Inayofutwa ni ya njaa. Na wakopeshaji walishaanza ujanja, wanaandika mkopo kana kwamba ni mauziano au amana ili usifutwe. Amri inawajua: akithibitika, hati yake inavunjwa. Leo watu wa kausha damu wangefungasha usiku huohuo.

Msidhani mfalme alikuwa mwema tu. Mkulima aliyegeuzwa mtumwa wa tajiri halipi kodi kwa mfalme wala haendi vitani kwake. Kumkomboa ilikuwa ni kumrudisha kwenye daftari.

Na daftari alilipenda. Kuna barua zake kwa Sin-iddinam, mkuu wake kule Larsa, nyingi za mambo madogomadogo: mifereji izibuliwe, fulani kala rushwa akamatwe aletwe. Moja inasema mwaka huu unahitaji mwezi wa ziada (kalenda yao ilifuata mwezi wa angani, ikawa inayatangulia majira), kwa hiyo mwezi ujao uandikwe Ululu wa pili. Halafu anaongeza kwamba kodi iliyotakiwa kufika Babeli tarehe 25 ya mwezi wa Tashritu, ule unaofuata Ululu, sasa ifike tarehe 25 ya Ululu wa pili. Yaani kaongeza mwezi mzima kwenye kalenda na bado hakuna aliyepata hata siku moja ya nafuu.

Wanawake: hali ilikuwa ngumu lakini si ya namna moja. Mke aliyemchukia mume, mtaa unachunguza, akionekana hana kosa na mume ndiye mzururaji, anachukua mali aliyokuja nayo anarudi kwa baba yake. Akionekana mkosaji yeye, anatupwa majini. Sippar kulikuwa na wanawake walioitwa naditu, waliowekwa wakfu kwa Shamash, hawazai, lakini wananunua mashamba, wanapangisha, wanakopesha, wanashtaki. Na wenye vilabu vya pombe walikuwa wanawake: akipunja kipimo anatupwa majini, wahalifu wakipanga njama kilabuni kwake asipowapeleka ikulu, anauawa. Orodha ya wafalme wa Sumeri inamtaja Kubaba, mwenye kilabu, kuwa mtawala wa Kish kwa miaka 100. Hiyo mia mkaichuje wenyewe.

---

Fundi Kokoto:

Sasa kama jiwe halikutumika, kesi za kuua ziliamuliwaje? Na huyo maskini wako alikuwa anasemewa na nani?

---

Kibao cha Udongo:

Swali lako ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi.

Kuna kesi ya mji wa Nippur, kama 1900 KK, kabla ya Hammurabi. Watu watatu, mmoja kinyozi, mmoja mtumwa wa mwenye bustani, walimuua kuhani aitwaye Lu-Inanna. Kisha wakamwendea mkewe, Nin-dada, wakamwambia mumeo tumemuua. Kibao kinasema hakufungua kinywa, akalifunika jambo. Likamfikia mfalme Ur-Ninurta kule Isin. Mfalme hakuhukumu. Akalirudisha kwa baraza la Nippur.

Watu tisa wakasimama kusema wauaji wasiishi, wale watatu na mwanamke yule, wauawe mbele ya kiti cha marehemu. Majina yao yameandikwa. Yumo Dudu mtega ndege. Yumo mfinyanzi. Yumo mwenye bustani. Na wa tatu kwenye orodha ni Ali-ellati, na cheo chake kimeandikwa: mushkenum.

Maskini amekaa barazani anazungumza kabla ya mfinyanzi.

Wawili wakapinga kuhusu mwanamke, askari mmoja na mwenye bustani mwingine: mwanamke huyu kaua nini hata auawe? Baraza likajibu kwamba mke asiyemthamini mumewe huenda alimjua adui yake, na kimya chake ndicho kilichowapa wauaji nguvu. Wote wakatolewa wauawe. Mwanzoni wasomi waliosoma nakala iliyovunjika walidhani Nin-dada aliachiwa, mpaka ilipopatikana nakala kamili zaidi. Kesi hii waandishi waliinakili tena na tena, ilikuwa somo la shule.

Mimi naona walikosea juu ya Nin-dada. Aliyekuja kukuambia kamuua mumeo, na amesimama mlangoni na wenzake wawili, unamjibu nini? Lakini angalau mtu aliuliza swali hilo kwa sauti, na jina la aliyeuliza limehifadhiwa.

---

Kabwela Msomi:

Hapo nimenyoosha mikono mkuu. Swali la mwisho nilale: hao wafalme nani aliwahukumu?

---

Kibao cha Udongo:

Miungu, na makuhani kwa niaba yao. Maandiko ya Babeli ya zama za mwisho yanaeleza sikukuu ya mwaka mpya: kuhani anamvua mfalme fimbo na taji, anamzaba kibao shavuni, anamvuta masikio, anampigisha magoti. Mfalme anaapa kwamba hakuupuuza mji wala hakuwapiga makofi raia wake wenye haki ya kulindwa. Anarudishiwa vitu vyake, kisha anazabwa kingine. Machozi yakitoka, mungu karidhika.

Na kulikuwa na kinga. Mwezi ukipatwa na wanajimu wakasema mfalme atakufa, anawekwa mtu mwingine kitini apokee mkosi, na muda ukiisha anauawa yeye. Tarihi moja ya Babeli, iliyoandikwa karne nyingi baadaye na wanahistoria wanaitazama kwa jicho la pembeni, inasema Erra-imitti wa Isin alimkalisha mtunza bustani wake, Enlil-bani, akamvika taji. Erra-imitti mwenyewe akajipumzikia ndani, akanywa uji wa moto, ukamuua.

Enlil-bani hakushuka. Orodha ya wafalme inampa miaka 24.